Wanaosikia Sana: Unyeti wa Hisia Kati ya Ruiru na Thika

Aliyekulia kwenye mashamba ya kahawa kati ya Ruiru na Thika anajua kwamba mibuni haifanani tabia. SL28, iliyochaguliwa katika maabara ya Scott kule Kabete miaka ya 1930, hutoa kahawa inayosifiwa na wanunuzi wa dunia nzima, lakini mti wenyewe hushikwa upesi na chulebuni na kutu ya majani. Mvua ikizidi na dawa ikichelewa, matunda hugeuka meusi yakakaukia tawini. Mwaka 1968 chulebuni iliangamiza karibu nusu ya zao la nchi, na katika miaka iliyofuata watafiti wa kahawa wa Ruiru wakaanza kutafuta mbuni mgumu. Wakaupata: Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, mti mfupi unaostahimili magonjwa yote mawili. Wengi waliupanda. Wengine walikataa kung'oa SL28 yao hata baada ya hasara. Mkulima wa namna hiyo hasemi kwamba mti wake ni mgonjwa. Anasema unadai matunzo, na ukiyapata unalipa.

Watu nao hawafanani, na kwa muda mrefu tumewalea wote kana kwamba ni Ruiru 11.

Nazungumzia wale ambao kelele huwachosha kabla ya wenzao, wanaotambua kwamba mwenyeji wao ana huzuni kabla hajatamka neno, ambao kauli moja kali ya asubuhi huwakaa kifuani mpaka jioni, na ambao wimbo mzuri huweza kuwatoa machozi mbele za watu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Elaine Aron, aliwaandikia kitabu mwaka 1996, na mwaka 1997 yeye na mumewe, Arthur Aron, wakachapisha kipimo chenye maswali 27 cha kupima hali hiyo. Kwa maelezo yao, tofauti haimo kwenye sikio wala jicho. Masikio ya mtu huyu si makali kuliko ya jirani yake. Tofauti imo katika namna ubongo unavyokichambua kilichoingia: unakishika kwa muda mrefu zaidi, unakilinganisha na yaliyopita, unakitafutia maana. Kazi hiyo ina faida yake, na ina uchovu wake.

Aron alikadiria kwamba watu hao ni 15 hadi 20 katika kila 100. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na Francesca Lionetti, Michael Pluess na wenzao ulionyesha kwamba hakuna ukuta kati ya wenye unyeti na wasio nao. Watu wamejipanga kama kwenye ngazi, asilimia 31 hivi wakiwa juu, 40 katikati na 29 chini. Miaka miwili baadaye, utafiti wa mapacha wa Uingereza ulikadiria kwamba karibu nusu ya tofauti hizo, asilimia 47, hutokana na urithi wa damu, na zilizobaki hutokana na maisha. Wala si ugonjwa: hali hii haimo katika orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani, wala katika ile ya madaktari wa akili wa Marekani.

Jina lake kwa Kiswahili lina shida. Unyeti ndilo neno sahihi, lakini nyeti tumeiachia siri za serikali na sehemu za mwili zinazofunikwa. Mitaani mtu wa aina hii ana majina mengine: anadeka, ana machozi ya karibu, ni mtu wa mayai, ni softi. Yote yanamhukumu. Hata hivyo lugha yenyewe ina neno la haki zaidi. Kitenzi kusikia hakikomei masikioni. Tunasikia sauti, na pia tunasikia baridi, njaa, harufu, uchungu. Gĩkũyũ, lugha ya nyumba nyingi za Kiambu, ina kũigua, chenye upana huo huo. Kuona huruma ni kũigua tha. Waliotuachia lugha hizi mbili hawakutenganisha sikio na moyo. Na mtu anayesikia vizuri tunamwita msikivu, neno la sifa ambalo mtoto huandikiwa kwenye ripoti ya shule. Linalonisikitisha ni kwamba mtoto yule yule msikivu, akiziba masikio kengele inapogongwa karibu naye, anaambiwa aache kudeka. Tunataka asikie tunachomwambia, na asisikie kitu kingine chochote.

Mimi ni mmoja wao. Nikiwa darasa la tano, kabla ya viboko kupigwa marufuku shuleni mwaka 2001, mwalimu alimchapa mwenzangu aliyesahau kazi ya nyumbani, nami nikalia kumshinda aliyechapwa. Darasa likacheka. Nikaitwa mbele nikapewa vyangu viwili, ili niwe na sababu ya kulia. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mwalimu yule alikuwa ameiona kasoro iliyokuwa ndani yangu, na kwamba kazi yangu maishani ni kuificha.

Sasa tumweke mtu huyo Ruiru. Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 9 Novemba 2012. Kilomita 50 hivi kati ya Nairobi na Thika, ambazo zilikuwa zikila nusu ya asubuhi, zikawa safari fupi, na watu wakaifuata lami. Sensa ya 2009 iliwahesabu wakazi wa mji wa Ruiru karibu 239,000. Ile ya 2019 iliwakuta zaidi ya 490,000. Mji uliongezeka maradufu ndani ya miaka kumi. Mibuni iling'olewa, mashamba yakakatwa ploti, na kwenye ploti zikasimama ghorofa za bedsita ambamo unatenganishwa na jirani kwa tofali moja. Unajua anapenda kipindi gani cha televisheni. Unajua anagombana na mkewe saa ngapi, na kuhusu nini.

Siku huanza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, makanga wa matatu za namba 145 wakiita abiria wa kwenda tao, katikati ya Nairobi. Mchana hupita mnunuzi wa vyuma vikuukuu na kipaza sauti kilichorekodiwa sentensi moja, akiirudia mtaa baada ya mtaa. Fundi wa mageti anasaga chuma kando ya njia. Ijumaa usiku ni kesha, na spika za kanisa la mabati zimeelekezwa nje ili wasiokuja nao wasikie. Jumamosi ni zamu ya Kamakis, kando ya barabara ya mchepuko wa mashariki, ambako nyama choma na muziki vimeupa mtaa jina. Kule Thika, mji wa viwanda wenye watu zaidi ya 251,000, kelele nyingine iko kazini: kanuni za mwaka 2005 kuhusu kelele viwandani zinaruhusu wastani wa desibeli 90 kwa saa nane. Mfanyakazi mwenye unyeti anayetoka kwenye zamu hiyo, akapanda nganya, matatu yenye spika chini ya viti, anafika nyumbani akiwa hana hata neno moja la kumpa mtoto wake. Mtoto anadhani baba amekasirika.

Sisemi haya ili kuulaani mji. Kipaza sauti kile kinamlisha mtu. Nganya ile imempa kijana kazi ya kwanza maishani mwake, na jirani yangu wa ghorofa ya juu, ambaye redio yake hainyamazi, ananiambia kwamba kimya kinamtia woga kwa kuwa alikulia katika nyumba ya watu kumi na mmoja. Naye anasema kweli. Lakini kuna kitu kimebadilika bila kutangazwa: utulivu umekuwa bidhaa. Wanaoweza kuulipia wanaununua ndani ya mageti ya mitaa iliyopangwa, na Ruiru inayo mingi, Tatu City ikiwa maarufu kuliko yote. Asiyeweza anaambiwa ajikaze. Ndiyo maana ushauri wa vitabu vya ng'ambo hutupita kando. Tenga chumba cha kupumzikia, vinasema. Punguza taa. Chukua likizo ya peke yako mashambani. Mama anayelala na watoto watatu katika chumba kimoja huko Kimbo au Kiandutu hana chumba cha kutenga. Unyeti hauchagui tabaka, lakini nafuu yake inachagua.

Tukiuliza kama tatizo liko kwa mtu au liko mahali anapoishi, ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua unatoka Shanghai. Xinyin Chen na wenzake waliwapima wanafunzi wa shule za msingi wa mji huo mwaka 1990, wakawapima wengine mwaka 1998, na wengine tena mwaka 2002. Mwaka 1990 mtoto mwenye haya na hisia nyepesi alipendwa na wenzake, walimu walimwona hodari, na masomoni alifanya vyema. Mwaka 1998 matokeo yalichanganyika. Kufikia 2002 mtoto wa tabia ile ile alikuwa akikataliwa na wenzake, na akionyesha dalili za sonona. Miaka 12 haitoshi kubadilisha damu ya watoto. Kilichobadilika ni Shanghai: soko lilifunguliwa, ushindani ukawa ndio maisha, na mwenye sauti kubwa akawa mfano wa mtoto anayefaa. Haya na unyeti si kitu kimoja, ni ndugu tu. Hata hivyo nikizitazama tarakimu za Ruiru za miaka ile kumi, najiuliza ni watoto wangapi waliozaliwa na tabia ya babu zao na kukuta mji usio na haja nayo.

Kenya yenyewe ina mifano. Katika miaka ya 1970 Sara Harkness na Charles Super walikaa Kokwet, jamii ya Wakipsigis, wakichunguza malezi. Waliona kwamba mtoto mchanga asiyeshika ratiba ya usingizi, ambaye Marekani angeitwa mtoto mgumu na kuwanyima wazazi amani, pale hakumsumbua mtu. Usiku alilala na mamaye, akiamka ananyonya, na mchana alikuwa mgongoni mwa mama au dada. Naye Marten deVries aliwachunguza watoto wachanga wa Kimaasai, kisha ukame wa miaka hiyo ukaja, akarudi kuwatafuta wale aliokuwa amewaorodhesha kuwa watulivu na wale aliowaorodhesha kuwa wasumbufu, wepesi wa kulia. Katika watulivu saba ambao habari zao alizipata, watano walikuwa wamekufa. Katika wasumbufu sita alikuwa amekufa mmoja. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1984. Idadi ni ndogo mno kujengea kanuni, lakini mimi huikumbuka kila ninapomsikia mzazi akimfokea mtoto anyamaze: katika boma lile lenye njaa, yaelekea aliyelia ndiye aliyenyonyeshwa.

Nyanya yangu, ambaye sote tulimwita shosho, aliishi Gatundu. Kwenye ruracio, sherehe ya mahari, alikuwa akiondoka watu wakiwa bado wanaimba, akaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake. Hakuna aliyemcheka. Ndiye aliyeitwa ndugu wawili wakigombania mpaka, kwa sababu alisikia walichokuwa hawajasema. Siku moja alinikuta nimejificha ghalani, wageni wamejaa uani. "Kijana wangu, kumbe wewe pia unasikia," akaniambia, akanikalisha karibu naye tukachambua maharagwe mpaka wageni wakaondoka. Hakueleza zaidi, nami sikuuliza. Sipambi maisha ya zamani. Kijiji hicho hicho kiliwanyamazisha wengi, hasa wanawake. Lakini kilikuwa na mahali pa kukaa mtu kama shosho, kilikuwa na kazi iliyohitaji sikio lake, na jua likishakuchwa kilimpa kimya bila malipo.

Kwa wanaume mambo ni mazito zaidi. Aron anashikilia kwamba wavulana huzaliwa na unyeti sawa na wasichana. Kinachotofautiana ni kile wanachoruhusiwa kuonyesha. Mvulana wa kwetu anajifunza mapema sana kwamba kulia ni kwa dada zake. Anajikaza. Akifika miaka ishirini amejikaza hadi hajui tena kama ana njaa au ana huzuni. Mwezi Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru msako wa pombe za bei nafuu katika eneo zima la Kati, maghala yakavunjwa na chupa zikamwagwa. Sidai kwamba walevi wa Kiambu ni wanaume wenye unyeti. Umaskini, ukosefu wa ardhi na ulafi wa watengenezaji vinaeleza mengi. Lakini nimekaa na wanaume wa rika langu, na zaidi ya mmoja amenieleza glasi yake ya kwanza kwa maneno yale yale: kwamba ilipunguza sauti. Hawakumaanisha sauti ya spika tu. Walimaanisha kila kitu kilichokuwa kikiwaingia tangu utotoni bila mlango wa kutokea. Msako ulimwaga pombe. Sauti ile ilibaki.

Hapa nataka kuonya, kwa sababu jina zuri linaweza kuficha ugonjwa. Unyeti huanza utotoni na hudumu. Hauzuki ghafla mtu akiwa na miaka thelathini. Kama ulikuwa sawa mpaka usiku ule majambazi walipoingia, na sasa kishindo cha geti kinakutoa jasho, hilo ni jeraha na lina tiba yake. Kama raha imetoweka hata katika yale uliyoyapenda, usingizi umepotea na mawazo ya kujidhuru yamekuja, usijifariji kwa kitabu cha unyeti. Hiyo ni sonona, na inaua. Mtoto anayeteswa na mwanga na sauti, na ambaye pia anachelewa kuongea au kushirikiana na wenzake, anastahili kupimwa usonji. Anza na daktari wa hospitali ya umma, Thika Level 5 ikiwa ndiyo ya karibu. Ukienda kwa mshauri wa binafsi, muulize kama amesajiliwa chini ya sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014. Ana wajibu wa kukujibu.

Wapo pia wanasayansi wanaosema kwamba kipimo cha Aron kinachanganya mambo mawili: wepesi wa kuingiwa na wasiwasi, ambao saikolojia iliujua kitambo, na uwezo wa kuguswa na uzuri. Nadhani wana hoja. Maswali yake mengi yanauliza kuhusu kuchoka na kubabaika, machache kuhusu furaha, kwa hiyo haishangazi wenye wasiwasi wakipata alama za juu. Na kuna hatari ya tatu, ambayo ni ya tabia. Mwenye unyeti si lazima awe mwema. Anaweza kusikia kila neno analotupiwa na asisikie hata moja analolitupa yeye. Nimewahi kuwa mtu huyo, na waliolipia ni wa nyumbani kwangu. Kuwataka mke na watoto waishi kwa kunyata ni udhalimu, hata ukiupa jina la sayansi.

Kilichonigeuza mawazo ni utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2015 na Michael Pluess pamoja na Ilona Boniwell. Wasichana wa shule moja ya London Mashariki, eneo la watu wa kipato cha chini, walipewa mafunzo ya kuwakinga na sonona. Mafunzo yalikuwa yale yale kwa wote. Waliofaidika ni wale waliokuwa na unyeti mwingi; kwa wenzao wa unyeti mdogo hapakuonekana tofauti. Nilisoma matokeo hayo mara mbili. Maisha yangu yote nilikuwa nimeambiwa kwamba mabaya yananiingia kuliko wengine. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mema nayo yananiingia kuliko wengine. Mwalimu mpole, rafiki mkweli, asubuhi isiyo na haraka: kwa mtu wa aina yangu hivi si anasa, ni mbolea.

Kujikubali ni neno linalotumiwa ovyo siku hizi. Liko kwenye fulana, kwenye video fupi za simu, kwenye mahubiri ya Jumapili, na mara nyingi maana yake ni kujisifu. Ninavyolielewa mimi, kujikubali ni kazi ya mkulima: kuijua mbegu uliyo nayo, kuacha kuionea haya, kisha kuitunza inavyodai. Asiyejikubali hulipa mara mbili. Kwanza anachoshwa na kelele, halafu anachoshwa na kujilaumu kwamba kelele imemchosha. Deni la kwanza hatuwezi kulifuta peke yetu. La pili tunaweza kuacha kulilipa leo.

Kwangu ilianza kwa jambo dogo. Niliacha kupanda gari la kwanza. Nganya inayotingisha vioo inasimama stejini Ruiru, mimi sisogei. "Mzae, hupandi?" makanga ananiuliza. Namwambia nangoja nyingine. Dakika kumi au kumi na tano baadaye huja gari la watu wanaolala, nami nafika tao kichwa kikiwa changu. Ilinibidi niamke mapema kwa dakika hizo, basi. Nilikuwa nimekaa miaka tisa nikifika kazini nikiwa nimeshachoka, kwa sababu niliona aibu kuonekana ninachagua. Nikanunua vizibo vya masikio vya sponji kwenye duka la dawa. Nikamwambia mke wangu kwamba nusu saa ya kwanza nikifika nyumbani si hasira, ni kutua mzigo, na baada ya hapo nitakuwa wake. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba miaka yote hiyo alidhani simpendi.

Asubuhi za katikati ya wiki, nikiwa na shughuli Thika, hupitia maporomoko ya Chania, karibu na Blue Posts, hoteli iliyokuwapo tangu 1908. Maji yale yana kelele nyingi kuliko steji, lakini hayakudai kitu. Hayakuiti, hayakutukani, hayakutaki ununue. Hapo nimejifunza kwamba kinachonichosha hakitokani na ukubwa wa sauti peke yake. Kinatokana na madai yaliyomo ndani yake.

Hayo ni ya mtu mwenye ajira na nafasi ya kuchagua gari. Mama wa chumba kimoja hawezi kuchagua gari, wala hana Chania ya asubuhi. Kwake kujikubali kutamwondolea aibu, na hilo si dogo, lakini hakutapunguza sauti ya spika. Hapo suala linaacha kuwa la moyo wa mtu mmoja.

Sheria ipo. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009 zinasema kwamba nje ya nyumba za makazi kelele isipite desibeli 50 mchana na 35 usiku. Penye mchanganyiko wa makazi, biashara na burudani ni 55 mchana, lakini usiku ni 35 vile vile. Usiku wa kisheria huanza saa mbili na dakika moja na kuisha saa kumi na mbili asubuhi. Desibeli hazihesabiwi kama shilingi: kila zikiongezeka kumi, nguvu ya sauti imekuwa mara kumi. Thelathini na tano ni zaidi kidogo ya mnong'ono. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Jedwali la Nne linaweka udhibiti wa kelele mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo mpangaji wa Kimbo akiomba spika zishushwe saa nne usiku haombi hisani, wala haonyeshi udhaifu wake. Anadai kilicho chake, na anakidai pia kwa niaba ya mtoto mchanga wa chumba cha pili, mgonjwa wa presha wa chumba cha tatu na askari wa zamu anayejaribu kulala. Mbuni mwepesi ndio unaoonyesha chulebuni mapema. Mkulima mwerevu hauchukii kwa hilo; anapulizia shamba zima.

Naiomba serikali ya kaunti ya Kiambu ipime kelele za usiku za Kamakis, za Githurai 45 na za mitaa ya makazi ya Thika, na iyabandike matokeo mahali watu watayaona. Nawaomba wachungaji wazigeuze spika zitazame waumini walio ndani. Nawaomba wenye matatu watenge hata gari moja katika kumi lisilo na muziki, walitangaze kama wanavyotangaza lenye intaneti ya bure. Abiria wapo, nami ni mmoja wao. Nawaomba walimu, wanapomwona mtoto ameziba masikio, wamuulize anasikia nini kabla ya kumwambia atoe mikono.

Nawe unayesikia sana: ukienda kwa chifu, kwa NEMA, mamlaka ya mazingira, au mlangoni kwa jirani mwenye jenereta, nenda na tarehe na saa ulizoziandika, na usianze kwa kuomba radhi.